Kodi Ilipokuwa na Ofisi Moja

Kulikuwa na wakati mkadiria kodi wa Tanganyika hakuhitaji mkataba wala amri ya jaji ili ajue mtu amechuma nini Nairobi au Kampala. Idara ya Kodi ya Mapato ilikuwa moja kwa nchi tatu, na rufani zilifika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1967, makao yake makuu yakawekwa hapa Arusha. Sisi watoto wa Sekei tukakua na majirani kutoka Kisumu na Mbale. Mzee mmoja wa idara ile, ambaye tulikimbilia kumwamkia akitoka kazini, alitufundisha kwamba mwenye shamba chini ya Meru na duka ng'ambo ya mpaka wa Namanga, kwa idara yao alikuwa mlipakodi mmoja.

Mwaka 1973 Tanzania na Kenya zikajitungia kila moja sheria yake ya kodi ya mapato. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, majirani wakafungasha. Mpaka ulifunguliwa tena 1983, lakini ofisi ile moja haikurudi.

Tulibaki na kanuni ya kale ya mahakama za Kiingereza, aliyoitamka Lord Mansfield mwaka 1775, kwamba nchi haijishughulishi na sheria za kodi za nchi nyingine. Waingereza wenyewe walikuja kuilegeza. Mwaka 1989 mahakama yao ya juu iliikubalia Norway kuwahoji mashahidi wa London katika shauri la kodi kuhusu mali za marehemu Anders Jahre, tajiri wa meli. Majaji walisema kuisaidia nchi ya kigeni kupata ushahidi si kuikusanyia kodi.

Leo maua ya Usa River yanapita Namanga kuwahi ndege Nairobi, na fedha husafiri upesi kuliko maua. Lakini mara nyingi kila nchi inasoma hesabu za upande wake tu. Tarehe 30 Novemba 2010 nchi tano za Jumuiya iliyofufuliwa baadaye zilisaini mkataba wa kuzuia utozaji kodi mara mbili, wenye kipengele cha kupeana taarifa. Hadi naandika haya haujaanza kutumika, kwa kuwa si nchi zote zilizoutia saini zimeuridhia.

Hilo linaniuma. Mwalimu wa Tengeru hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia, na mapato yake yako wazi kama kiganja. Mwenye akaunti nchi mbili anaweza kuchagua mapato yapi yaonekane na wapi. Mzigo anaoukwepa yeye unamwangukia mwalimu.

Siri ya mteja wa benki ni haki, nami naitetea; inapobidi kufunuliwa, jaji apime kwanza sababu. Lakini mpaka usigeuzwe maficho. Serikali zilizobaki ziuridhie mkataba huo. Makarani wa idara ile ya zamani waliifanya kazi hii ya kufuatilia mapato ng'ambo ya mpaka kwa kalamu na leja, kwa sababu viongozi wao walikubali kuifanya pamoja.