Anayeonyesha na Anayeonyeshwa

Ukianza kujifunza kauli ya kutendwa, kiambishi -w- huonekana kitu kidogo mno. Leo naomba tuupime uzito wake katika viwanja vya burudani, vile vinavyohama mji hadi mji pamoja na bembea zake, farasi wa mbao wanaozunguka, na mahema ya maajabu ambayo mtu hulipia mlangoni.

Mwaka 1893 mji wa Chicago, Marekani, uliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Humo mhandisi George Ferris alisimamisha gurudumu la chuma lenye kimo cha takriban mita 80, lenye vyumba 36, na kila chumba kiliweza kuchukua watu 60. Nauli ilikuwa senti 50. Wafanyabiashara waliona jinsi umati ulivyomiminika, na baada ya miaka michache kampuni za burudani zikawa zinasafiri kwa garimoshi, zikitua hapa wiki moja na kule wiki nyingine. Gurudumu lenyewe lilifunguliwa vipande vipande, na hatimaye likasimamishwa upya St. Louis kwa maonyesho ya mwaka 1904.

Katika maonyesho hayo ya St. Louis ndipo alipoletwa Ota Benga, kijana kutoka Kongo. Hakuletwa kulipanda gurudumu. Aliletwa atazamwe. Meno yake yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha kwa desturi ya kwao, na watazamaji wakaambiwa kuwa ni mla watu. Yeye naye akajifunza kuwatoza senti tano waliotaka kuyaona. Mimi huipenda sana habari hii ya senti tano, kwani hapo, kwa muda mfupi, mwenye kuonyeshwa aligeuka mwenye kuonyesha.

Mwezi Mei 1906 gurudumu lililipuliwa kwa baruti, likauzwa kama chuma chakavu. Septemba mwaka huo huo Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wachungaji weusi wakiongozwa na James H. Gordon walipinga hadharani, na mwezi haukuisha kabla hajatolewa humo. Baadaye aliishi Lynchburg, Virginia, akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Mwaka 1916 alijiua. Taasisi inayoendesha bustani ile iliomba radhi mwaka 2020.

Huenda ukasema hayo ni ya kale na ya mbali. Huku kwetu Uganda, sikukuu za Krismasi na Idi huja na majumba ya upepo ya kurukia watoto, wachora nyuso, na vigari vya umeme. Sina ugomvi navyo, wanangu huvililia. Lakini Krismasi iliyopita, katika kiwanja kimoja, nilikuta hema ambamo mtu mzima mwenye kimo kifupi sana alisimamishwa juu ya meza, watu wakilipa shilingi 2,000 kupiga naye picha. Alitoka mashariki mwa Kongo, hivyo tukaelewana kwa Kiswahili. Nilianza kumpa pole. Akanikatiza.

“Mwalimu, pole siitaki. Kazi hii naijua, na watoto wangu wanasoma kwayo.”

Kilichomkera ni kingine. Kati ya kila shilingi 2,000 yeye alipata 500, hakuwa na mkataba, na siku ambayo mvua ilinyesha hakulipwa chochote, ingawa alishinda humo hemani tangu asubuhi.

Niliporudi darasani niliwaomba wanafunzi wa kidato cha tatu waandike rasimu ya mkataba ambao mtu kama yeye angeweza kumpelekea mwenye hema. Sehemu ya malipo waliimaliza kwa kipindi kimoja. Wiki nzima sasa wanabishania kifungu cha nne: je, mtazamaji aruhusiwe kumgusa, na akimgusa bila idhini, nani atozwe faini?