Matairi ya Tela la Mazao: Usiangalie Kashata Peke Yake

 

Mavuno ya vitunguu yamekaribia, na wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja: "Bwana shamba, tela langu linataka matairi mapya, ninunue yapi?" Mimi si fundi wa magari. Nina stashahada ya kilimo, na kazi yangu ni mbegu, mbolea na dawa. Lakini swali hili ninaweza kulijibu, kwa sababu niliwahi kukosea, na kosa langu lilimvunja mtu mfupa. Naomba nikusimulie kwanza, halafu nikupe hatua za kufuata.

Kaka yangu hununua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvipeleka Morogoro. Anatumia pikapu kuukuu inayovuta tela la magurudumu mawili. Juni 2022 nilikuwa mjini kwenye semina, akanipigia simu: "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wetu na uko huko huko. Niangalizie matairi mawili ya tela, ringi 14. Yaliyopo yamebaki vipara."

Nikaenda kwenye duka la matairi ya mtumba. Muuzaji akanitolea mawili yanayong'aa. Akaniambia yalikuwa spea kwenye magari madogo na hayajatembea kabisa. Nikaingiza kucha kwenye kashata, ikazama. Bei ya yote mawili ilikuwa chini ya bei ya tairi moja jipya. Nikalipa, nikayapakia kwenye basi, nikajisifu moyoni kwamba nimemwokolea kaka fedha.

Safari mbili zilikwenda vizuri. Safari ya tatu, mchana wa jua kali, kabla ya kufika mji wa Mikumi, tairi la kushoto lilipasuka. Tela likayumba, likaivuta pikapu, kisha likalala ubavu pembeni mwa lami. Juu ya magunia alikuwa amekaa kijana wa kupakia. Alirushwa, akavunjika mtulinga. Magunia matano yalipasuka na vitunguu vikapondeka. Kaka hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniumiza zaidi.

Nilipokwenda kumjulia hali yule kijana, mama yake alinikaribisha, akanipa kigoda. Baada ya salamu akaniuliza kwa upole: "Bwana shamba, si wewe unayetufundisha kila mwaka kusoma tarehe kwenye pakiti ya mbegu? Hilo tairi halikuwa na tarehe?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa kaka, nikachukua kipande cha tairi lililopasuka, nikakifuta vumbi na kuanza kukisoma. Tarehe ilikuwepo. Na uzito wa kubeba ulikuwepo pia. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa ubavuni, mimi nikaangalia kashata tu.

Ndugu msomaji, hili ndilo nataka ulishike leo: tairi la gari la kila siku huisha kwa kutembea, lakini tairi la tela la mazao mara nyingi huisha kwa umri na kwa kuzidiwa na mzigo. Tela letu hufanya kazi miezi michache ya mavuno, halafu husimama juani mpaka msimu mwingine. Kashata hubaki nzuri wakati mpira unakauka na kupoteza nguvu. Ukipima tairi la tela kwa kashata, unapima kitu kisichokupa jibu.

Sasa tuingie kwenye hatua.

1. Soma umri wa tairi

Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi nililonunua liliandikwa 2210, yaani lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2010. Siku ninayolilipia lilikuwa na miaka 12. Muuzaji hakunidanganya aliposema halijatembea. Lilikaa spea miaka yote hiyo, likazeeka bila kugusa lami.

Kampuni nyingi za matairi hushauri kwamba miaka 10 iwe ndiyo mwisho, hata kama kashata zimejaa. Kwa tela linalobeba mzigo mzito na kulala juani, mimi simshauri mtu kusubiri huko. Likifika miaka 5 au 6, anza kujipanga kubadilisha. Na usinunue la mtumba ambalo tayari limefika umri huo.

Namba hizo huandikwa upande mmoja tu wa tairi mara nyingi. Usipoziona, geuza tairi. Zikiwa zimefutwa au kukwanguliwa, acha, nenda duka lingine. Angalia pia nyufa ndogo ubavuni na kati ya kashata. Ukilikunja kidogo kwa mikono na nyufa zikafunguka, hilo halifai.

2. Piga hesabu ya mzigo kabla ya kwenda dukani

Chukua kalamu. Pima gunia lako moja kwenye mizani, usikisie. Sisi tulipima baada ya ajali: gunia moja la vitunguu, lile la lumbesa, lilikuwa kilo 96. Magunia 12 ni kilo 1,152. Tela lenyewe tupu ni kilo 350. Jumla kilo 1,502. Gawa kwa matairi mawili: kila tairi linabeba kilo 751. Sehemu ya uzito huo huegemea kwenye pikapu pale tela linapounganishwa, lakini usiitoe kwenye hesabu. Iache iwe akiba yako.

Sasa soma ubavu wa tairi. Baada ya ukubwa kuna namba na herufi. Langu liliandikwa 185/70R14 88 pamoja na herufi ya mwendo. Ile 88 si kilo, ni namba ya mzigo. Kila namba ina uzito wake:

88 ni kilo 560.
91 ni kilo 615.
102 ni kilo 850.
106 ni kilo 950.

Umeona? Tairi la kubeba kilo 560 tulilitwisha kilo 751. Hata lingekuwa jipya kabisa, lisingestahili mzigo ule. Lilikuwa tairi la gari dogo la kubeba familia.

Kwa tela la mazao, tafuta tairi lenye herufi C mwishoni mwa ukubwa, kama 195R14C. Hayo ni matairi ya magari ya biashara, pikapu na vipanya, na ubavu wake ni mgumu. Wenzetu Marekani wana matairi maalumu ya tela yenye herufi ST, lakini katika maduka yetu la C ndilo utakalolipata kirahisi. 195R14C lenye maneno 8PR kwa kawaida lina namba 106/104. Namba ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake, ya pili ni ya matairi mawili yanayobanwa pamoja upande mmoja. Kwa tela la magurudumu mawili, soma ya kwanza: kilo 950.

Usilijaze mpaka ukomo. Mimi hutumia kanuni ya nne kwa tano: tairi la kilo 950 nalipangia kilo 760. Barabara zetu zina mashimo na matuta, na tela likiruka, tairi linapokea uzito mkubwa kuliko ule wa kwenye karatasi.

3. Fananisha matairi, kagua na ringi

Matairi ya ekseli moja yawe ya ukubwa mmoja na aina moja. Usichanganye lenye R katikati ya ukubwa na lile lenye kistari, kwa mfano 195R14C na 7.00-14. Hayo yamesukwa tofauti ndani, na tela litavuta upande. Tairi la spea nalo liwe la aina hiyo hiyo.

Ringi pia ina ukomo wake. Mwombe fundi akague kama imepinda, ina ufa au kutu nene pale tairi linapokalia. Badilisha valvu kila unapobadilisha tairi, maana ni kitu cha bei ndogo. Gurudumu likiwa chini, mwambie akague beringi na kuweka grisi.

4. Upepo

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana linapozunguka, hupata joto, na joto ndilo linalolipasua. Ongeza jua la bonde la Ruaha na mzigo mzito, utaelewa kilichotupata. Ubavuni pameandikwa ukomo wa upepo. Tairi la 195R14C 8PR huwa linafika 65 PSI kwa mzigo kamili. Ukijaza 30 kama la gari dogo, umelipunguzia nguvu uliyoinunua. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi. Usitoe upepo njiani kwa sababu tairi limepata joto.

Baada ya kufunga magurudumu, kaza tena nati ukishatembea kama kilomita 50 hadi 100. Wengi hulisahau hili.

5. Baada ya msimu

Osha tela. Liinue juu ya magogo au matofali ili matairi yasibebe uzito. Yafunike au yaweke kivulini. Usimwage juu yake mafuta, dizeli wala dawa za shambani. Tairi ukilitunza hivi, hata umri wake utausoma bila hofu.

Kuna jambo la mwisho, na hili halihusu namba. Usimruhusu mtu kukaa juu ya mzigo wa tela. Najua tunafanya hivyo kuokoa nauli ya kijana. Kaka sasa humketisha mbele, na ikiwa hakuna nafasi, humlipia basi.

Yule kijana alipona, ingawa hakubeba gunia kwa miezi kadhaa na kaka ndiye aliyemtunza. Mwezi uliofuata tulinunua matairi mawili mapya ya 195R14C. Tulisoma tarehe wote wawili, mimi nikiisoma kwa sauti na kaka akiirudia, kama watoto wa darasa la kwanza. Bei iliuma. Lakini nikijumlisha magunia matano yaliyoharibika, hospitali, siku alizokosa kazi yule kijana na matengenezo ya tela, yale matairi ya bei rahisi ndiyo matairi ya gharama kubwa kuliko yote tuliyowahi kununua.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo mawili: limetengenezwa lini, na linabeba kilo ngapi? Kisha inama usome mwenyewe. Kama macho yako hayaoni vizuri, nenda na mtoto anayejua kusoma. Swali la yule mama ningeulizwa nikiwa bado dukani, kijana wake asingeumia.

Nawatakia mavuno mema na safari salama. Ukinikuta ofisi ya kata na tairi lako, lilete, tulisome pamoja.