Nilikwenda Tanga harusini, nikaulizwa tunalala wangapi chumbani

Ukisema unakwenda Tanga, lazima mtu akutanie. Mwezi uliopita nilipoomba ruhusa kazini niende kwenye harusi ya binti wa dada yangu, wenzangu waliangua kicheko. "Kafundwe mama, shemeji afaidi!" Nilicheka nao. Hawakujua kuwa nyumbani kwangu Tabata jambo hilo lilikuwa limeacha kuchekesha. Tangu nijifungue mtoto wa tatu, mwaka na nusu sasa, tendo la ndoa lilikuwa maumivu na visingizio. Mume wangu alishaacha kuuliza, nami nilishajiona mwanamke mwenye kasoro.

Basi lilitoka Dar es Salaam alfajiri. Chalinze tukala mahindi, Segera tukakata kulia, Muheza machungwa yakapitishwa dirishani. Njiani ni mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke. Mmea huu uliletwa pwani hii mwaka 1893, na ndio ulioleta Tanga watu wa kila kona ya nchi. Nilishuka stendi ya Kange, nikapanda bodaboda hadi Ngamiani, ambako mitaa hujulikana kwa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea.

Nyumba ya dada ni ya Kiswahili hasa. Mbele baraza, katikati ukumbi, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, bafu na choo. Viwili wanakaa wao, vinne wamepangisha. Nilihesabu watu 19. Dari hakuna, kuta zinaishia chini ya bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anasema pole.

Usiku wanawake tulikaa uani kwenye mikeka, mwali kafunikwa kanga, somo wake kakaa kwenye kigoda. Ni bibi wa miaka 76. Nilidhani nitasikia yale ambayo nchi nzima inayasema kuhusu Tanga: udi, shanga na kiuno. Yalisemwa, na hayo si ya gazetini. Lakini alipomaliza na mwali, alitugeukia sisi wakubwa.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Chumbani kwako mnalala wangapi?"

Sikutarajia swali hilo. Nikamjibu wanne: mimi, baba yao na watoto wawili wadogo. Mkubwa analala chumba cha pili na shangazi yake.

"Usiku mtoto akilia anaamka nani?"

"Mimi."

"Na alfajiri?"

"Mimi, bibi."

"Basi hamu itatoka wapi? Hujachoka mume, umechoka mwili." Kisha akashusha sauti. "Na kuuma je?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Hilo la hospitali. Mie nafundisha, sitibu."

Akatusimulia yake. Baba yake alikuwa manamba, alitoka Kigoma kwa mkataba wa kukata mkonge, akamwacha mkewe nyuma kwa miaka. Mkewe alipomfuata, walikuwa kama wageni. Bibi alizaliwa kambini, akaolewa akiwa na miaka 15 na mwanamume wa makamo. "Mtoto wa miaka 15 ataanzia wapi kumwambia mtu mzima taratibu, naumia?" Uani pakawa kimya. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyokuja baadaye, iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Baada ya bibi, ndimi zikafunguka. Mmoja mumewe yuko migodini Geita, anakuja mara mbili kwa mwaka. Anamtamani, na anamwogopa, kwa sababu hawezi kumwambia wakapime kwanza. Mwingine alifanya kazi za ndani Oman miaka minne. Amerudi, nyumba imejengwa, lakini akiguswa anashtuka. Wa tatu ana miaka 51. Usiku anawaka joto, amekuwa mkavu, na mumewe anadai kuna mtu nje. Msichana mmoja mwalimu, mwenye mshahara wake, alisema yeye humwambia mumewe asichokipenda na huambiwa pia. Bibi akatabasamu: "Wewe una pa kusimamia."

Niliwaza sana juu ya neno hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania kwa wastani huzaa watoto 4.8, mijini 3.6, vijijini 5.5. Nyuma ya kila namba kuna usiku wa kunyonyesha na ndoo za maji. Tunapomfunda binti kukata kiuno tu, tunasahau kumuuliza atalala wapi, ana umri gani, nani atamsaidia kazi na kama anaweza kusema hapana.

Mpangaji mmoja pale ni muuguzi, naye akatoa darasa lake. Mama anayenyonyesha baadhi ya homoni zake hushuka, ukavu unaweza kuendelea hata baada ya arobaini. Hedhi kwa wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na ukavu wa wakati huo una vilainishi na dawa. Maumivu yanaweza pia kuwa ya maambukizi au kovu la uzazi, kwa hiyo si ya kuvumilia. Akatuonya juu ya shabu na dawa za kubana ukeni: zinachubua, na penye mchubuko maradhi hupita kirahisi, yakiwemo VVU.

Mpendwa msomaji, kama unaumia, usisubiri hadi uende Tanga. Nenda kliniki, sema wazi, na ukiweza nenda na mwenzako. Nawe baba unayesoma ukurasa huu, kabla ya kuuliza mama amebadilikaje, hesabu kazi anazofanya tangu alfajiri.

Nilirudi Jumatatu na machungwa na mkate wa kumimina. Watoto walipolala nilimweleza mume wangu yote, huku nikitazama ukuta. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nilidhani umenichoka." Wiki iliyofuata tulikwenda kliniki pamoja. Ilikuwa kovu la kushonwa na ukavu wa kunyonyesha. Nimepewa kilainishi na dawa ya kupaka, na nitarudi baada ya mwezi. Siwezi kusema mambo yote yamekwisha.

Watoto wawili tumewahamishia kwa shangazi yao, chumba cha pili. Yule wa kati bado anarudi kwetu saa nane usiku, akiburuza shuka lake. Siku hizi baba yake ndiye anayeamka kumrudisha.