Nyumba ya Katekista

Kazi niliyoifanya tangu ujana wangu hata nywele zikageuka rangi ni ya ukatekista, nami naiandika habari yake nikiwa mkazi wa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, ambako mtu asiyeijua kazi hiyo aghalabu hudhani kuwa katekista ni mpiga kengele wa Padre. Sikasiriki nikisikia hivyo, maana kengele nimeipiga kweli, tena haikuwa kengele bali kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni. Walakini yaliyokuwa nyuma ya kipande kile cha reli, yaani mke, watoto, chungu cha jikoni na wageni waliobisha hodi usiku, hayakupata kuandikwa katika daftari lolote la misheni nililowahi kulishika, na kwa sababu hiyo nimeona si vibaya kuyaandika mimi maadamu pumzi ingalimo.

Wazungu waliokuja kuhubiri katika nchi hii walikuwa wa namna mbili, wenye aila na wasio na aila. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wa namna ya pili, na mtu angeweza kudhani kwamba dini iliyoletwa nao iliingia bara bila ya mwanamke wala mtoto. Haikuwa hivyo. Pale Bagamoyo walikomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawalea na kuwafundisha kusoma, kulima na kuchonga. Na walipobaleghe wakawaozesha wao kwa wao, kila ndoa ikapewa nyumba na shamba. Basi Mapadre walipotaka kwenda bara, Mhonda mwaka 1877, na Morogoro miaka michache baadaye, hawakwenda na vitabu tu, bali walifuatana na wenye ndoa hao, na wenyeji waliotoka kuwatazama wageni walimwona mwanamke akitwanga na mwanamume akiezeka kabla hawajamwelewa Padre anasema nini. Wamisionari wa kwanza wenye familia katika upande wetu walikuwa Waafrika, na baadhi yao hawakujua hata kijiji walichozaliwa. Majina yao ya ubatizo ni ya watakatifu wa Ulaya, ndiyo maana msomaji wa leo huwapita kitabuni asijue kuwa amewapita ndugu zake.

Mimi nilizaliwa Matombo, upande wa mashariki wa milima, ambako misheni ilifunguliwa mwaka 1897, na baba yangu alikuwa katekista kabla yangu. Jambo moja la utoto wangu ndilo lililonifundisha nyumba ya katekista ni kitu gani. Katika miaka ya hamsini Serikali ya Mwingereza iliwashurutisha Waluguru wakate matuta ya ngazi katika miteremko yao, ili udongo usichukuliwe na mvua. Kazi ilikuwa ngumu, faida yake haikuonekana, na udongo wa chini uliofukuliwa juu haukuzaa kitu. Manung'uniko yakawa chuki, na mwaka 1955 chuki ikawa ghasia pale pale Matombo. Katika siku hizo watu walimtazama baba yangu kwa jicho la pembeni, kwa kuwa alikula mshahara wa Wazungu, ijapokuwa mshahara wenyewe haukutosha chumvi na sabuni, na mzee mmoja alimwuliza hadharani kama dini yake na matuta yale yalikuwa ya bwana mmoja. Baba alitafuta jibu katika katekisimu asilione. Mama yangu alichukua jembe lake, akaenda mlimani pamoja na wanawake wenzake, akakata matuta aliyoamriwa na kunung'unika kama walivyonung'unika wao, tena kwa sauti. Na kwa manung'uniko yale, wala si kwa hotuba yoyote, nyumba yetu iliendelea kusalimiwa.

Mwaka 1963 nilioa, na mwaka huo huo nikapelekwa kuongoza kigango kimoja cha mlimani, mbali na parokia. Hapa sharti nieleze desturi ya nchi, maana bila ya hiyo habari haieleweki. Kwa Waluguru ardhi ni mali ya lukolo, yaani ukoo, na lukolo hufuata damu ya mama. Mwanamume hulima kwa hisani ya ukoo wa mama yake au wa mkewe, au wa baba yake akiombewa, na mgeni asiye na ukoo mahali hupewa kipande chake cha kulima kwa maneno mengi na kunyang'anywa kwa maneno machache. Nilifika pale na cheti cha Padre mkononi, nikiwa nimevaa viatu. Wazee walikisikiliza cheti kikisomwa kwa taadhima kubwa, kisha wakanigeuzia mabega, wakamwuliza mke wangu yeye ni wa lukolo gani, na nyanya yake mzaa mama alitoka kitongoji kipi. Alipokitaja, mzee mmoja alivua kofia yake akacheka, akasema kuwa huyu ni mjukuu, na tukapewa bonde dogo lenye migomba na magimbi juu ya kijito. Tangu siku ile nilihubiri kijijini pale kwa kibali cha mke wangu. Padre hakulijua hilo, na katika taarifa zangu za kila robo mwaka sikuona safu ya kuliandika.

Padre alitufikia mara chache kwa mwaka, kwa miguu, akitanguliwa na mchukuzi mwenye sanduku la misa kichwani. Siku nyingine zote za Bwana ibada niliiongoza mimi. Siku ya kuja kwake ilikuwa sikukuu na dhiki kwa pamoja. Kuku alichinjwa, wali ulipikwa, mchele wenyewe tukiwa tumeukopa, na watoto wetu walisimama mlangoni wakihesabu vipande katika sahani ya mgeni. Mke wangu alikuwa na tadbiri yake: shingo, maini na miguu alivitenga mapema chini ya kawa, ili mlango ule usiwe wa watoto wenye njaa. Nakumbuka Padre mmoja Mholanzi, mtu mzima, mwenye ndevu zilizogeuka manjano kwa kiko, ambaye aliona macho ya kifungua mimba wetu yakifuata paja la kuku kutoka sahanini hadi hewani; alilirudisha, akamwita mtoto, akampa, kisha akaendelea na wali mtupu akimsimulia habari za mifereji ya kwao inayoganda wakati wa baridi hata watu wakateleza juu yake. Mtoto yule sasa ni babu, na anayoyakumbuka katika mafundisho yote ya siku zile ni paja na barafu.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa la mwali. Desturi ilitaka binti aliyevunja ungo awekwe ndani, afundwe na wazee wa kike, asionekane na wanaume kwa miezi mingi, na hapo zamani hata zaidi ya mwaka. Misheni ilitaka binti huyo huyo awe darasani Jumatatu asubuhi. Mapadre walihutubu juu ya jambo hilo, na mimi nilizirudia hotuba zao kwa uaminifu, na mabinti wakaendelea kutoweka shuleni mmoja baada ya mmoja. Mke wangu hakuhutubu. Alikwenda kukaa na makungwi, akasaidia kutwanga na kupika togwa ya ngoma, akayasikiliza mafunzo yao, mengi yake yakiwa ni adabu, usafi na utunzaji wa nyumba ambayo hata Sista angeyafundisha, na baada ya kuaminiwa ndipo alipotia shauri lake, kwamba mwali awekwe ndani wakati wa likizo, ngoma ichezwe baada ya mavuno, na shule ikifunguliwa arudi. Waliokubali kwanza walikuwa wachache. Wa kwanza kabisa alikuwa yeye mwenyewe, kwa binti yetu. Nililaumiwa parokiani kwa kumruhusu. Naandika sasa kwamba hakuniomba ruhusa, na kama angeniomba, sijui ningempa jibu gani.

Katika mwanzo wa miaka ya sabini tulihamishiwa mjini, tukapata nyumba hapa Kilakala. Masista wa Maryknoll, Wamarekani, walikuwa wamejenga hapa katika miaka ya hamsini shule ya sekondari ya wasichana iliyoitwa Marian College. Serikali ilipozitaifisha shule za mashirika baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule hiyo ikawa ya umma na kupewa jina la Kilakala, na ndilo inalojulikana nalo hata leo. Mimi nikapewa vipindi vya dini katika shule za mji, kazi ya saa na ratiba, nyepesi kwa miguu na nzito kwa kichwa, ambayo sina mengi ya kuisimulia.

Lakini nyumba ilipata kazi yake yenyewe. Wanawake wa milimani hushuka sokoni alfajiri, na matenga ya ndizi, magimbi na mboga vichwani, mtoto mgongoni, wakiikimbilia bei ya asubuhi, na baadhi yao walipita mlangoni kwetu. Mke wangu aliweka mtungi wa maji na kata barazani, hana alilolikusudia isipokuwa kwamba yeye naye aliwahi kushuka njia ile. Kutoka kwenye mtungi wakaanza kukaa. Kutoka kukaa wakaanza kusema. Na kwa kusema kwao tulijua mtoto gani ana homa isiyokwisha, mume gani ameuza kahawa akatokomea, na barua ipi imekuja kutoka mahakamani ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Barua nilisoma mimi, wagonjwa yeye aliwafikisha hospitalini akawapangia foleni. Wengi wao hawakuwa wa kanisa letu, na si wachache walikuwa Waislamu, na sijapata kumsikia akimwuliza mtu dini yake kabla ya kumpa maji.

Jirani yetu kwa miaka kadhaa alikuwa Mchungaji mgeni wa kanisa jingine, na mkewe muuguzi, na watoto wao. Kabla ya Mtaguso wa Vatikano nisingethubutu kuvuka kizingiti chake. Sasa tulikunywa chai pamoja. Nyumba yao ilikuwa na wavu madirishani na jokofu la mafuta ya taa, na gari lao lilipanda mahali ambapo mimi nilipanda kwa magoti, na sikosi kusema kuwa niliyatamani hayo. Watoto wao walikimbia pekupeku na wetu, wakajua matusi ya Kiluguru kabla ya salamu. Kisha wakatimiza umri wa shule, wakapelekwa bweni Kijabe, huko Kenya, katika shule ya watoto wa wamisionari iliyokuwapo tangu 1906. Na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, safari ile ya watoto wadogo ikawa ya vibali na wasiwasi. Jioni moja, mama yao akiwa ameketi jikoni kwetu akichambua mchicha, mke wangu alimwuliza, kwa upole kabisa, “Mama Mchungaji, sasa usiku nani humkuna mtoto mgongo mpaka alale?” Yule bibi alicheka, halafu akauinamia mchicha asiseme kitu, na mke wangu akamsogezea ungo mwingine. Watu husema wageni wale waliishi kwa raha. Walikuwa na vitu, ndiyo. Lakini kodi waliyoilipa kwa utume wao sisi hatukupata kutozwa, na katika mizani yangu jokofu halilingani nayo.

Kipindupindu kilipoenea nchini mwaka huo wa 1977 na ule uliofuata, wanawake hao wawili walizunguka pamoja mitaani na njia za mlimani, mmoja na mkoba wa dawa, mwingine na ulimi wa watu, wakifundisha kuchimba choo mbali na kijito na kuchemsha maji ya kunywa, na kulikuwa na nyumba ambazo muuguzi asingefunguliwa mlango peke yake. Baadaye ikaja miaka ya uhaba, baada ya vita vya Kagera, sabuni na sukari vikawa kama dhahabu, na marobota ya mitumba yakaletwa na wafadhili. Ugawaji wake ulitoka ofisi moja ambayo sitaitaja, na nguo njema zilizoea kupungua kabla ya kutufikia, na lawama ikawa ya katekista aliyesimama mbele ya watu na robota lililofunguliwa. Tulinusurika kwa Jumuiya Ndogo Ndogo, zile ambazo Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizikubali katika mikutano yao ya 1973 na 1976 kuwa msingi wa kanisa: mke wangu alishauri robota lifunguliwe uani kwa jirani, mbele ya nyumba zote za jumuiya, na wenyewe wamtaje aliye uchi. Walitajana kwa haki kuliko nilivyotarajia. Mara moja walimtaja mlevi aliyewatukana wote, wakampa koti.

Nilistaafu bila ya kiinua mgongo, kama makatekista wengi, nikapewa rozari na hotuba. Mke wangu, ambaye hakupata kuwa na mshahara wa kusimamishwa, hakustaafu; mtungi ulibaki barazani hata miguu yake ilipokataa, kisha ukahudumiwa na wajukuu. Alipofariki tulimpeleka juu, kwa lukolo wake, na wazee walipomaliza matanga walikaa kikao juu ya lile bonde la migomba na kuamua kwamba ni la watoto wake. Binti yetu, yule wa likizo, ndiye anayelilima. Kila wiki hunishushia mkungu, nami humshukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji, kwa kuwa katika bonde lile, kwa sheria ya Uluguru, mimi sina hata mgomba mmoja.