Hana Tunamjua, Raheli Je?

Tangu nikiwa Shule ya Jumapili hadi leo nikiimba kwaya ya akina mama, sijui nimesikia mahubiri mangapi juu ya Hana, aliyeomba kwa uchungu hadi kuhani akadhani amelewa. Sara na Elisabeti nao tunawajua. Mwanamke asiyezaa huletewa habari hizi na kila mgeni anayepiga hodi. Raheli huhubiriwa mara chache, na akihubiriwa, mhubiri huishia Mwanzo sura ya 30, pale anapompata Yusufu. Sura ya 35 tunairuka. Humo Raheli anafia njiani kuelekea Efrata, akijifungua Benjamini, huku mkunga akimtia moyo kwamba amepata mtoto mwingine wa kiume.

Mimi nilikaa kwenye ndoa miaka 11 bila mtoto. Tunaishi Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, na sisi Waluguru ukoo wetu unafuata mama. Binti asipozaa, anayepungukiwa si mume peke yake. Ukoo wa mama yake ndio unaopungua. Mama hakunilaumu hata siku moja, lakini nilimwona alivyokuwa akiwahesabu wajukuu wa dada zake.

Tuliuza kiwanja, tukaenda kwenye kliniki moja Dar es Salaam kupandikiza mimba. Walikuwapo waliosema tunamsaidia Mungu kazi yake. Sikubishana nao. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hiyo, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na leo ni mama mwenye watoto wake. Jaribio la pili lilishika, mapacha. Nilikuwa na miaka 39. Jumuiya yetu iliniombea kila Alhamisi, nami naamini maombi yale yalinibeba.

Mwezi wa nane presha ikapanda, nikafanyiwa upasuaji mapema ili kuzuia kifafa cha mimba. Watoto wakatoka salama, wa kike na wa kiume. Presha ikashuka, tukaruhusiwa. Nyumba ikajaa vitenge, sabuni, na uji wa pilipili manga. Mama mkwe akanikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Na maombi ya Alhamisi yakahamia kwa mwingine, kama ilivyo haki, maana mimi nilikuwa nimeshajibiwa.

Wiki ya tano nilianza kukohoa usiku. Nikilala chali pumzi inakata. Nikaongeza mto, ukawa wa pili, ukawa wa tatu, mwisho nikawa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Miguu ilivimba hata kandambili zikanibana. Nilisema. Niliambiwa ni uchovu wa mapacha, ni baridi ya mlimani, ni mshono. Zahanati moja ilinipa dawa ya kifua. Jirani mmoja alinong'ona kuwa kijicho kimenipata. Kila maelezo yalikuwa na sehemu ya ukweli, ndiyo maana ugonjwa huu ni mwerevu: mzazi yeyote huchoka, wengi huvimba, na hakuna anayelala vizuri.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa jumuiya, muuguzi mstaafu, aliyekuja kuwaona watoto. Hakuwashika kwanza. Alitazama ile mito ukutani, akaniuliza, "Mwanangu, unalala hivyo tangu lini?" Akanipima presha kwa mashine yake: 160 kwa 104. Hakukaa hata kunywa chai. Tulikwenda hospitali jioni ileile, na baada ya siku chache nikapelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ile iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili.

Kipimo cha eko kilionyesha moyo umetanuka na umelegea. Moyo mzima, kila unapopiga, husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Wangu ulisukuma kama robo tu. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kuna udhaifu wa misuli ya moyo unaowapata wanawake mwishoni mwa mimba au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Katika mimba damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa, na moyo ndio unaobeba mzigo huo. Wenye presha ya mimba, waliobeba mapacha na wenye umri mkubwa wako kwenye hatari zaidi. Mimi nilikuwa na vyote vitatu. Mimba za kupandikizwa nazo huambatana na presha mara nyingi kuliko za kawaida. Nilimuuliza kama nimeadhibiwa. Alisema anawatibu wanawake wengi waliopata mimba bila kutafuta msaada wa mtu.

Nilipewa dawa za kutoa maji na za kuupunguzia moyo kazi. Baada ya miezi minane moyo ulikuwa umerudi karibu na kawaida. Si wote wanaorudi.

Kitu kimoja kinanisumbua hadi leo. Watoto wangu walikuwa na kadi ya kliniki na kila mwezi walipimwa uzito. Mimi ndiye niliyewabeba kwenda huko, nikipumua kwa shida, na baada ya siku ya 42 hakuna kadi iliyoniuliza habari zangu. Nayo ibada ya shukrani ni hivyo hivyo: mtoto huinuliwa juu, mama husimama pembeni akishika mkoba. Sasa kikundi chetu cha wanawake kina mashine ya presha. Tunamtembelea mzazi hadi mwezi wa sita, na kabla ya kumwomba Mungu tunamuuliza analalia mito mingapi. Anayefika 140 kwa 90 hatumwachi nyumbani, tunampeleka hospitali. Aliyewahi kupata presha ya mimba tunamsihi aendelee kupima miaka yote, kwa kuwa hatari ya ugonjwa wa moyo kwake ni kama mara mbili ya wenzake. Akitaka mimba nyingine, amweleze daktari mapema, maana kuna aspirini ya dozi ndogo inayoanzwa kabla ya wiki ya 20.

Mimi sitabeba tena, daktari amenikataza. Lakini kule kliniki kuna viinitete viwili vyetu vilivyogandishwa, na kila mwaka tunalipia kuvihifadhi. Mume wangu anasema tuvitunze. Mchungaji tumemweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaomba pamoja nasi, na hakutuambia la kufanya. Malipo ya mwaka huu tumeshatuma.