Kujisimamia: neno kwa ajili ya mdogo wangu

Neno la Kifaransa « émancipation » lina asili yake Roma. Ndani yake mna « manus », mkono, na « capere », kushika: ni kumtoa mtu katika mkono uliomshika. Sheria ya kale ya Waroma, ile ya Mbao 12, ilisema kwamba baba akimuuza mwanawe mara tatu, mwana huyo anakuwa huru na baba yake. Wanasheria wakaifanya kanuni hiyo kuwa njia: uuzaji wa kuigiza, mara tatu, na kijana anatoka.

Kwetu neno limefika na sheria za Wabelgiji. Lilitumika hata kwa nchi nzima: mwaka 1955 profesa Van Bilsen alipendekeza mpango wa miaka 30 wa « émancipation » ya kisiasa ya Afrika ya Wabelgiji, kana kwamba tulikuwa watoto wanaongoja kukomaa. Haikupita hata miaka 5, Kongo ikajitawala.

Mimi neno hilo limenifuata nyumbani. Mdogo wangu, binti wa marehemu mama mdogo, ana miaka 16. Baba yake pia amefariki. Anaishi kwa baba yake mdogo, ambaye ndiye anapokea kodi ya nyumba waliyoiacha wazazi. Kodi inaingia kila mwezi, lakini mtoto anarudishwa kutoka masomoni kwa kukosa pesa ya shule. Siku moja akaniuliza: « Yaya, wewe unasoma mambo ya luga. "Kuwa émancipée" kwa Kiswahili ni nini? Mama jirani ananiambia niolewe tu, ndipo nitakuwa huru. »

Mama jirani hakubuni kitu. Kanuni ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema kwamba mtoto akifunga ndoa anakuwa huru papo hapo, na msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15. Lakini Kanuni hiyohiyo ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Msichana alitoka katika mkono mmoja na kuingia katika mwingine, na sheria iliita safari hiyo uhuru.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imefunga mlango huo. Umri wa ndoa ni miaka 18 kwa wote wawili, mtoto hawezi kufunga ndoa hata kama amepewa uhuru huo, na ruhusa ya mume imeondolewa. Inabaki njia ya hakimu. Tangu sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto, mambo ya uwezo wa mtoto kisheria yanapelekwa kwenye tribinali ya watoto.

Basi nimtafsirie vipi? « Kukombolewa » kunamfanya baba mdogo kuwa mteka nyara. « Kujitegemea » ni kutafuta chakula mwenyewe. Watoto wengi wa mji huu wanajitegemea tangu miaka 10, na hakuna sheria inayowatambua. « Kujitawala » tumewaachia wanasiasa.

Nikamwambia « kujisimamia ». Kutoka « simama » tunapata « simamia », na kutoka hapo « msimamizi », yule anayechunga mali ya mtoto yatima. Tukiongeza « ji », mtoto anakuwa msimamizi wake mwenyewe. Neno halitukani mtu yeyote, tena linaonyesha kazi yenyewe: kuhesabu, kutia sahihi, kujibu.

Alikaa kimya, kisha akasema: « Yaya, mimi sitaki kujisimamia. Nataka anayenisimamia asimamie vizuri. »

Hapo nikaona kwamba hayo ni maombi mawili tofauti. La kwanza linamtoa mtoto chini ya usimamizi. La pili linamtaka msimamizi atoe hesabu, na hakimu anaweza kumwondoa anayekula mali ya yatima. Mama yangu ameomba baraza la jamaa likutane kwanza, na baba mdogo amekubali kuja. Mdogo wangu ameandika katika daftari miezi yote ambayo kodi imelipwa. Juu ya ukurasa ameandika neno moja tu: USIMAMIZI.