Tundu la Moyo na Bangili za Mamangu

Kipanda uso kilinianza kwetu Mombasa nikiwa na miaka 14, kikanifuata hadi Kakamega nilikoolewa. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kabla haijashuka mwanga huwa mkali juu ya mabati. Saa hiyo ndiyo niliyoiogopa. Kwanza huzuka pembeni mwa jicho miale ya kupindapinda, kama mshono wa cherehani mbovu. Baada ya nusu saa huondoka, na upande mmoja wa kichwa hushikwa. Hapo hujifungia gizani, wanangu wakijipikia. Mavyaa wangu, mtu wa Mumias, hunifunga leso kichwani na kukaa nami kimya. Hiyo nayo ni tiba.

Mwaka jana miale ilikuja pamoja na ganzi ya mkono wa kushoto. Tukadhani ni kiharusi, nikapelekwa hospitali kubwa nje ya kaunti yetu. Picha ya ubongo ilikuwa safi. Kisha nikadungwa mkononi maji ya chumvi yaliyokorogwa mpaka yakafanya viputo, nikaambiwa nijikaze kama anayejifungua, halafu niachie. Katika kioo cha mashine niliviona viputo vikivuka kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto. "Una tundu la moyo," daktari akasema. "Likizibwa, kichwa kitapona."

Dada zangu, ni nani asingeshikilia neno hilo baada ya miaka 27? Wakala wa safari za matibabu za India alitaka arubuni kabla ya mwezi kwisha. Nikatoa bangili sita za dhahabu alizoniachia mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, nilizomwekea binti yangu. Sonara alikwisha kuzipima. Nilimwomba anisubiri siku mbili, kwa kuwa moyo ulisita, nami sijui kwa nini.

Katika siku hizo mbili nilimwendea daktari mmoja hapa Kakamega, mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Alichukua karatasi akachora. Mtoto aliye tumboni, alieleza, hapumui kwa mapafu yake. Damu yenye hewa safi humjia kutoka kwenye kondo, na hupita katika kilango kilicho baina ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Akizaliwa na kuvuta pumzi, kilango hujifunga, kisha kingo zake hushikana. Lakini kwa mtu 1 kati ya 4 hazishikani. Nikawaza safu ya wanawake 20 msikitini: huenda watano wanacho kilango hicho, nao wanasujudu na kuinuka bila habari.

Ni kweli, alisema, wanaoona miale kabla ya kuumwa huonekana nacho zaidi kuliko wengine. Huko Uingereza daktari wa moyo Peter Wilmshurst alisikia wazamiaji waliozibwa tundu kwa sababu nyingine wakisema kichwa kimewaacha. Ndipo ukafanywa utafiti wa watu 147, uliotangazwa mwaka 2008. Nusu waliingizwa mrija kwenye mshipa wa paja na kuwekewa kizibo. Nusu walilazwa usingizi na kukatwa kidogo ngozi ya kinena tu, wasijue. Walioachwa kabisa na kipanda uso walikuwa watatu upande huu, na watatu upande ule. Wilmshurst alipoyasema hadharani aliyoyaona katika utafiti huo, kampuni ya Marekani iliyotengeneza kizibo ilimshtaki, na kesi haikwisha mpaka kampuni ilipofungwa mwaka 2011. Utafiti mwingine wa watu 230, wa mwaka 2017, nao haukufikia lengo lake, ingawa wachache miongoni mwa waliozibwa walipona kabisa.

"Ungekuwa umepata kiharusi kisicho na sababu nyingine, ningekusihi uzibwe," alisema, "maana hapo faida imeonekana. Wewe hukupata."

Kisha akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Natumia vidonge gani vya kupanga uzazi? Vilikuwa vile vya homoni mbili, ambavyo kwa mwanamke mwenye miale huongeza hatari ya kiharusi. Akanibadilishia siku hiyohiyo. Nameza dawa za maumivu siku ngapi kwa mwezi? Niliona haya kujibu: karibu kila siku. Akaniambia kwamba dawa hizo zikizidi huwa zenyewe ndizo ziletazo maumivu. Akaniandikia propranololi na kunipa daftari la kuandika kila siku ninayoumwa. Kwa ajili ya Ramadhani alinitaka nianze kupunguza kahawa tangu Shaabani, na ninywe maji kidogo kidogo baina ya futari na daku. Hilo la kahawa lilinishinda wiki ya kwanza. Mtu wa pwani mtamwelewa.

Daftari linaonyesha siku nane za kuumwa katika mwezi wa kwanza. Mwezi uliopita zilikuwa tatu, na moja kati yake ilikuwa mbaya sana. Kilango changu kingali wazi.

Wakala alinipigia simu tena juzi, akisema bei imeshuka. Bangili nilikuwa nimekwisha kuzirudisha kwa sonara, si kuziuza, bali azisafishe, na binti yangu alizivaa siku ya Idi.